Burton: Jasusi wa sura nyingi aliyeingia Tabora bila kujificha

Na Mwandishi Wetu

ASUBUHI ya Novemba 7, 1857, msafara uliotoka pwani uliingia Kazeh, makazi ya wafanyabiashara wa Kiarabu katika nchi ya Unyanyembe, ambako leo ni Tabora. Ulikuwa umekaa njiani siku 134.

Desturi ya misafara ya enzi hizo ilikuwa kwamba hakuna anayeingia Unyanyembe na matambara ya safari. Watu walisimama kwanza, waliochelewa wakangojwa, kisha kila mwenye nguo njema akaitoa ndani ya mzigo wake na kuivaa. Askari wa Kibaluchi, ambao kwa miezi minne walitembea kama ombaomba, wakageuka mabwana. Bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ikatangulia, pembe zikapulizwa, bunduki zikalia, na mstari wa wapagazi ukajinyoosha uwandani kuelekea kwenye matembe.

Katika msafara huo alikuwamo mtu mmoja ambaye kubadili nguo, jina na asili kulikuwa ndiyo kazi iliyompa umaarufu duniani. Siku hiyo, hata hivyo, Kapteni Richard Francis Burton wa jeshi la Kampuni ya India Mashariki aliingia akiwa yeye mwenyewe: Mwingereza, amechoka, ana homa, na ana makovu ya mkuki katika mashavu yote mawili.

Burton alizaliwa Machi 19, 1821, Torquay, kusini-magharibi mwa Uingereza, lakini hakukulia huko. Baba yake, ofisa wa jeshi aliyestaafu mapema, aliihamisha familia Ufaransa na Italia, ikawa inahama mji hadi mji. Mtoto huyo akajifunza lugha za mitaani kabla ya kujifunza nidhamu. Alipopelekwa Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1840 alionekana kama mgeni katika nchi yake mwenyewe, na mwaka 1842 akafukuzwa baada ya kwenda kutazama mashindano ya farasi yaliyokuwa yamepigwa marufuku kwa wanafunzi.

Mwaka huohuo alipelekwa India. Huko, wakati maofisa wenzake wakitumia jioni zao kwa ulevi na kamari, yeye alikaa na walimu. Alifaulu mitihani ya Kihindustani, Kigujarati, Kimarathi na Kiajemi, akaongeza Kisindhi na Kiarabu. Wenzake walimwona mtu asiyeaminika, kwa kuwa alipenda mno kukaa na wenyeji.

Sindh, nchi ambayo Waingereza walikuwa wameiteka mwaka 1843, ndiko alikopata matumizi ya kipaji hicho. Gavana wake, Jenerali Charles Napier, alitawala watu ambao hakuijua lugha yao. Alihitaji macho na masikio. Burton akapaka uso rangi, akafuga nywele na ndevu, akajiita Mirza Abdullah, mfanyabiashara wa Bushire katika Ghuba, nusu Mwarabu nusu Mwajemi.

Uchaguzi wa asili hiyo haukuwa wa bahati nasibu. Msindhi akisikia lafudhi ngeni angefikiri ni ya Kiajemi, Mwajemi angefikiri ni ya Kiarabu, na Mwarabu angefikiri ni ya Kiajemi. Mtu wa mchanganyiko anasamehewa makosa ya kila upande. Akiwa na vitambaa vya kuuza, Mirza Abdullah aliingia katika nyumba ambazo hakuna ofisa wa Kizungu angekaribishwa, akafungua vijiduka, akasikiliza. Aliyoyasikia yakafika mezani kwa Napier. Kwa lugha ya leo, huyo alikuwa jasusi.

Huko Sindh pia aliingia katika tarika ya Kadiria, ile ambayo baadaye ilipata wafuasi wengi Tabora na Ujiji. Waandishi wa maisha yake wamebishana tangu hapo kama moyo wake uliingia pamoja na mwili, na swali hilo halitapata jibu hapa.

Jina lake lilienea duniani mwaka 1853. Makka na Madina zilikuwa zimefungwa kwa wasio Waislamu, na aliyegunduliwa alihatarisha maisha yake. Burton aliondoka Uingereza Aprili mwaka huo akiwa tayari amevaa Uajemi wake. Alipofika Misri, rafiki aliyempata huko, Haji Wali, alimweleza kwamba kujiita Mwajemi, na hivyo kudhaniwa Mshia, kungemletea matusi na kipigo Hijazi. Mirza akazikwa Cairo, akazaliwa Sheikh Abdullah, tabibu na derwishi, Mwafghani aliyezaliwa India.

Tabibu huyo bandia alipata wagonjwa kwelikweli. Sifa yake ilipanda mpaka usiku mmoja alipolewa na ofisa wa Kialbania, wakafanya fujo iliyosikika jengo zima, na hapo akaona ni heri aondoke mjini mapema.

Alibeba mkoba wa msahafu mdogo, kama wanavyobeba mahujaji, lakini ndani yake hamkuwa na msahafu. Mlikuwa na saa na dira, fedha, na kalamu za risasi na vikaratasi vyenye namba ambavyo angeweza kuandika akiwa amejifunika. Alichukua pia chombo cha kupimia jua na nyota, nacho nusura kimfichue: kijana wa Makka aliyefuatana naye alikiona, akaanza kuwaambia wenzake kwamba sheikh huyu ni kafiri wa India. Burton aliokolewa na masahaba wa safari waliokuwa wamemzoea na kumpenda, wakamgombeza kijana badala yake. Chombo kikaachwa.

Alifika Madina Julai na Makka Septemba 1853, akatoka salama, akaandika kitabu cha juzuu tatu kilichotolewa mwaka 1855 na 1856. Baadaye ilienea hadithi kwamba alimuua mtu njiani aliyemtambua. Aliikanusha, ingawa inasemekana alifurahia watu kuiamini.

Wenyeji waliomkaribisha Madina nyumbani mwao kwa wiki kadhaa, wakala naye na kuswali naye, walikuwa wakimhudumia mtu asiyekuwapo. Kitabu kinawaeleza kwa mapenzi na kwa ucheshi mwingi. Hakitafuti kujua wao wangejionaje kama wangekisoma.

Safari iliyofuata ilikuwa ya Harar, mji wa Kiislamu katika nyanda za juu za Ethiopia ya leo. Aliondoka Aden Oktoba 1854 akiwa mfanyabiashara wa Kiarabu, lakini mambo yakaharibika kwa namna ya kuchekesha: njiani watu walimwona ni Mturuki, na Waturuki walichukiwa kuliko Waingereza. Karibu na lango la mji akaamua kuvua sura ya bandia na kujitangaza Mwingereza. Kwa kuwa hakuwa na barua ya kumtambulisha, akaiandika mwenyewe kwa jina la mkuu wake wa Aden. Januari 3, 1855 akaingia. Ukweli uliingia Harar kwa hati ya kughushi, na Amiri akamwacha aondoke baada ya siku kumi.

Aprili 1855, pwani ya Berbera, kambi yake ilivamiwa usiku. Luteni Stroyan aliuawa. Luteni John Hanning Speke alichomwa mikuki mara kumi na moja akaponyoka. Burton alipigwa mkuki ulioingia shavu moja na kutokea la pili. Alipona, lakini tangu siku hiyo alikuwa na uso ambao mtu akiuona mara moja hausahau, na kwa mtu wa kazi yake hiyo ilikuwa hasara kubwa.

Ndivyo alivyokuja Afrika Mashariki. Jumuiya ya Kijiografia ya London ilimtuma kutafuta bahari ya ndani ambayo wamisionari wa Rabai walikuwa wameichora kwa kusikia habari za wafanyabiashara, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza ikatoa pauni 1,000. Alimchukua tena Speke. Walifika Zanzibar Desemba 1856, miezi michache baada ya kifo cha Sayyid Said, na kukuta wafanyabiashara wa kisiwani wana wasiwasi kwamba Wazungu wakiijua njia ya pembe wataichukua.

Hakukuwa na haja ya kujifanya mtu mwingine. Sultani Majid alimpa kiongozi wa msafara, Said bin Salim, pamoja na askari wa Kibaluchi. Katika ngome ya Chogwe, upande wa Tanga, alimpata Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akapelekwa India na kurudi akiwa huru. Juni 1857 msafara ukaondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, ukapita Zungomero, milima ya Usagara, Ugogo kwa kulipa hongo kila mtemi, kisha pori la Mgunda Mkali, mpaka Unyanyembe. Mizigo ilikuwa merikani, kaniki, ushanga na masango, sarafu za njia hiyo.

Kazeh, Burton alipokewa na Snay bin Amir wa kabila la Al-Harthi. Huyu alianza maisha Maskati kwa kutengeneza na kuuza vitu vitamu, na katika muda wa miaka kumi na sita akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa pembe na watumwa katika bara. Alikuwa pia msomi wa Kiarabu mwenye kumbukumbu kali na maktaba ndogo, aliyeijua nchi na watu wake kuliko mtu yeyote ambaye Burton alikutana naye njiani. Alimpa tembe, akamtunzia bidhaa, akamtafutia wapagazi wapya baada ya wa kwanza kutawanyika kwenda makwao.

Jioni baada ya jioni walikaa pamoja. Snay alimsaidia kukusanya maneno ya Kinyamwezi na lugha nyingine, akamweleza habari za Karagwe na Buganda. Akamwonyesha pia kosa ambalo wataalamu wa Ulaya walikuwa wakilibishania: bahari kubwa moja iliyochorwa na wamisionari ilikuwa maziwa matatu tofauti, la Nyasa kusini, la Ujiji magharibi, na Nyanza kaskazini. Kwa maneno mengine, ramani ya maziwa ya Afrika ilisahihishwa Tabora, na Mwarabu wa Oman, kabla Mzungu yeyote hajaona hata tone la maji ya Ujiji au ya Nyanza.

Huko ndiko Burton aliposikia pia habari za Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Fundikira alikuwa njiani kwenda pwani katika msafara, amebeba mzigo kama mpagazi yeyote, alipopata habari ya kifo cha baba yake. Akautua mzigo, akarudi kutawala. Huyo hakujificha, ndivyo vijana wa Kinyamwezi walivyokuwa, kwani safari ya pwani ndiyo iliyomfanya mtu awe mwanamume. Jina hilo Watanzania walilijua tena kupitia Chifu Abdallah Said Fundikira, waziri wa sheria katika miaka ya mwanzo ya uhuru, aliyefariki mwaka 2007.

Desemba 1857 Burton aliondoka kwenda magharibi. Homa ilimpooza miguu akawa anabebwa kwa machila, na Speke akawa haoni vizuri kwa ugonjwa wa macho. Walifika Ziwa Tanganyika Februari 13, 1858, mmoja asiyeweza kutembea na mwingine asiyeweza kuliona vizuri ziwa lenyewe. Walisafiri kwa mitumbwi mpaka Uvira wakitumaini kwamba mto Rusizi unatoka ziwani kwenda Nile. Wenyeji wakawaambia unaingia. Juni 20 walikuwa wamerudi Kazeh.

Hapo ndipo maisha ya Burton yalipogeuka, na lililoyageuza ni kukaa mahali pamoja.

Speke hakujua Kiarabu. Njia yake ya kuzungumza ilikuwa Kihindustani kupitia kwa Bombay, na wiki za Kazeh zilikuwa kwake kifungo: kutazama watu wawili wakinywa kahawa na kucheka kwa lugha asiyoielewa. Aliomba aende kaskazini kuitafuta Nyanza ambayo Snay aliieleza. Burton alikubali, na baadaye alitoa sababu zake za kubaki: alikuwa bado mgonjwa, alikuwa na habari za kupanga, na alikuwa na kamusi ya kukamilisha na Snay. Zote zilikuwa za kweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba alikuwa na raha. Uwezo wa kukaa na watu wa Mashariki kama mmoja wao ulikuwa umempeleka Makka, na uwezo huohuo ulimweka barazani Kazeh wakati mwenzake akitembea.

Speke aliondoka Julai akiwa na Bombay na watu wachache. Agosti 3, 1858 alifika Nyanza upande wa Mwanza, akayaona maji yasiyo na mwisho, na akaamini hapohapo kwamba hapo ndipo Nile inapoanzia. Agosti 25 alikuwa amerudi Kazeh na kusema hivyo mezani. Burton aliuliza ushahidi uko wapi, na kwa haki ya mantiki haukuwapo. Wakakubaliana wasilizungumze tena. Ukimya huo waliubeba mpaka pwani, hata pale Speke alipougua njiani mwezi Oktoba, akaweweseka na kutoa kwa sauti machungu yake yote dhidi ya mtu aliyekuwa akimuuguza.

Speke aliwahi London Mei 1859, siku kumi na mbili kabla ya Burton, na Burton alipofika alikuta uongozi wa safari mpya umekwisha kuwa wa mwenzake. Julai 1862 Speke alisimama Jinja akaitazama Nile ikitoka ziwani. Mwaka 1875 Stanley alilizunguka ziwa lote na kumaliza ubishi. Speke hakuyaona hayo. Septemba 15, 1864, siku moja kabla ya mjadala wake na Burton katika mji wa Bath, alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe alipokuwa akiwinda. Wachunguzi walisema ni ajali.

Lipo deni jingine la safari ile ambalo vitabu vya sifa hulipitia haraka. Burton alikataa kuwalipa Said bin Salim na baadhi ya watu wengine zawadi ambazo Balozi Hamerton, aliyekufa mwaka 1857, alikuwa amewaahidi, akisema hawakufanya kazi ipasavyo. Balozi mpya, Rigby, aliwatetea, na serikali ya India ikamlaumu Burton kwa maandishi.

Kitabu chake cha mwaka 1860 kuhusu nchi za maziwa kinabaki hazina. Mpangilio wa msafara wa Kinyamwezi, kiongozi mwenye joho jekundu na kilemba cha manyoya ya mbega, bei, vipimo, mavazi, vyakula: wanahistoria bado wanachota humo. Lakini kurasa hizohizo zimejaa dharau kwa Mwafrika. Mtu aliyeweza kuingia katika ngozi ya Mwajemi, Mwafghani na Mwarabu hakujaribu hata siku moja kuingia katika ya mpagazi aliyembebea mzigo. Bombay pekee ndiye aliyepata sifa bila masharti mengi.

Wageni wengine walipita kwenye njia aliyoiandika: Stanley na Livingstone, waliokaa Kwihara jirani na Tabora, na Cameron, wote wakiwa wamesoma kitabu hicho. Baadaye wakaja Wajerumani na mizinga, na Januari 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe, boma lake likiwa limevunjwa, aliwasha baruti akajilipua ndani. Burton hakuyapanga hayo. Lakini habari alizopewa kwa ukarimu barazani hazikubaki barazani.

Snay bin Amir mwenyewe hakuishi kuona. Baada ya Fundikira kufa, Waarabu waliingia vitani na mrithi wake, Manwa Sera, juu ya ushuru wa biashara, na mwaka 1861 Snay akauawa katika vita hivyo. Bombay aliendelea kuongoza misafara ya Speke, Stanley na Cameron, akatunukiwa medali na pensheni ya Jumuiya ya Kijiografia, akafariki mwaka 1885.

Burton alimwoa Isabel Arundell mwaka 1861, akatumikia ubalozi mdogo Fernando Po, Santos nchini Brazil, Damascus, na hatimaye Trieste. Kuanzia mwaka 1885 alitoa tafsiri yake ya Alfu Lela Ulela, kitabu cha makhalifa wanaotembea usiku wakiwa wamejibadili sura, na kwa mara ya kwanza maishani akapata fedha. Alikufa Trieste Oktoba 20, 1890. Mkewe alichoma mswada aliokuwa akiufanyia kazi, kisha akamzika Mortlake, London, katika kaburi la mawe lililojengwa kwa umbo la hema la Kiarabu.